Kabla ya Kununua Lenzi ya Urujuanimno, Pima Uliyonayo

Ukinunua lenzi, iwe Kariakoo au Nairobi, muuzaji hakuachi uondoke bila kukuuzia na kioo chembamba cha kuifunika mbele, kimeandikwa UV kwenye ukingo. Wengi wetu hukifunga siku hiyohiyo na hatukifungui tena mpaka kivunjike. Basi anza kwa kukifungua. Kazi yake ni kuzuia miale ya urujuanimno, na miale hiyo ndiyo tunayoitafuta hapa. Nakutajia mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilimaliza nusu saa juani nikiilaumu lenzi ambayo haikuwa na kosa lolote, kisha nikaona herufi hizo mbili zikinitazama.

Jicho la binadamu huishia kwenye urujuani, penye mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hivi. Chini ya hapo kuna mwanga ambao nyuki anauona na sisi hatuuoni. Kamera inaweza kuuona kiasi, ila si kamera kama ilivyotoka dukani. Mbele ya sensa pamebandikwa kioo kinachozuia urujuanimno na infraredi ili rangi zitoke kama macho yetu yalivyozoea, na lazima fundi akitoe na kuweka kioo cha kwatzi mahali pake. Zipo kamera chache za zamani, Nikon D70 ya mwaka 2004 ikiwemo, zinazopitisha urujuanimno kidogo hata bila kufunguliwa, lakini ile haina picha ya moja kwa moja kwenye skrini yake, na utaona baadaye kwa nini hilo ni tatizo. Kwa makala haya nachukulia kwamba unayo kamera isiyo na kioo cha kupinduka ndani, imeshafunguliwa, na swali lililobaki ni lenzi.

Lenzi za kazi hii zipo. UV-Nikkor ya Nikon, milimita 105 f/4.5, imetengenezwa kwa kwatzi na floraiti badala ya kioo cha kawaida, na hupitisha mwanga kuanzia nanomita 220. Coastal Optics walitoa ya milimita 60 f/4. Kwa bei ya moja kati ya hizo unanunua bodaboda, na si moja. Juu ya hayo, zote mbili unazungusha fokasi kwa mkono.

Kwa anayepiga picha za maua, hilo si neno. Ua linakungoja. Shida yangu mimi ilikuwa mpwa wangu wa miaka 9, mwenye ualbino, ambaye kila asubuhi anaapa kwamba amejipaka mafuta ya kukinga jua usoni kote, na kila jioni masikio yake yanamkanusha. Mafuta hayo, yakiwemo Kilisun yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC kule Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa macho ni krimu tu inayopotea kwenye ngozi. Kwenye picha ya urujuanimno ni meusi kama lami, kwa kuwa yanaimeza miale ambayo ngozi isiyo na melanini nyingi inairudisha. Palipopakwa ni peusi na palipoachwa ni peupe. Ukiwa na picha hiyo huna haja ya kubishana na mtoto. Ila mtoto hasimami akusubiri uzungushe pete ya fokasi huku umeinama kwenye skrini iliyojaa giza. Ndiyo maana nilitaka otofokasi, na ndiyo maana nilianza kupima kila lenzi iliyokuwa kabatini na kila niliyoweza kuazima.

Lenzi ya kawaida huizuia miale hii kwa namna kadhaa kwa pamoja. Kwanza ni kioo chenyewe. Vioo vyepesi vya aina ya kraun hupitisha vizuri, lakini vile vizito vinavyopinda mwanga sana huanza kuumeza hata kabla haujatoka kwenye urujuani. Pili ni gundi inayounganisha vipande viwili kuwa kimoja. Tatu ni utando wa rangirangi unaouona ukiielekeza lenzi dirishani: umepimwa kwa ajili ya mwanga tunaouona, na nje ya hapo hauna ahadi na mtu. Nne, kwenye baadhi ya lenzi za bei nafuu kuna kipande cha plastiki ndani. Kwa hiyo ukipanga foleni ya kupima, tanguliza lenzi zenye vipande vichache. Canon ya milimita 50 f/1.8 ina vipande 6 katika makundi 5. Canon ya milimita 40 f/2.8 STM, ile nyembamba kama andazi lililokaliwa, ina 6 katika makundi 4. Sigma ya milimita 30 f/2.8 DN ina 7 katika makundi 5, na imejijengea jina miongoni mwa watu wa urujuanimno kwa kuwa inapitisha vizuri kuliko bei yake na bado ina otofokasi. Zumu iliyokuja na kamera, yenye vipande vingi zaidi, iweke mwisho. Usiitupe nje ya foleni, lakini usiitegemee.

Idadi ya vipande ni fununu tu, si hukumu. Lenzi mbili zenye jina moja na matoleo tofauti zinaweza kuachana kabisa kwa sababu kiwanda kilibadilisha utando au kioo kimoja. Ndiyo maana unapima ile iliyo mkononi mwako, si jina lake.

Sasa niseme habari ya kudanganyika, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka, nami nilianguka. Kichujio cha kupitisha urujuanimno ni kioo cheusi usichoona kitu ukichungulia. Vioo vya aina hii, kama UG11 ya Schott, U-340 ya Hoya, au ZWB1 na ZWB2 za bei rahisi kutoka China, vina tabia moja mbaya: vinauzuia mwanga tunaouona, vinapitisha urujuanimno, halafu vinafungua mlango wa nyuma kwa infraredi, hasa kuanzia nanomita 700 hivi. Sensa inaipenda infraredi mno kuliko urujuanimno. Mwanya mdogo tu unatosha kuifunika picha nzima. Hapo kila lenzi utakayoipima itafaulu, kwa sababu karibu kila lenzi hupitisha infraredi vizuri. Niliwahi kuiandika zumu moja kwenye daftari langu kwamba ni nzuri ajabu. Ilikuwa inanipiga picha za infraredi safi kabisa.

Dawa yake ni kuongeza kioo cha pili cha kuzuia infraredi, kama BG39 au S8612, juu ya kile cheusi, au kununua kichujio kilichoundwa kikiwa na ulinzi huo ndani yake, kama Baader-U. Lakini usimwamini muuzaji wala mimi. Piga picha ya mti penye anga. Katika urujuanimno majani ni meusi, na anga ni jeupe, lina ukungu, na vilima vya mbali vinapotelea humo, kwa sababu hewa hutawanya mawimbi mafupi zaidi ya marefu. Katika infraredi mambo yanageuka: anga jeusi, majani meupe kama yamemwagiwa unga. Ukiona mwarobaini mweupe, funga vifaa urudi nyumbani. Jihadhari kidogo na majani yanayong'aa kama ya mwembe, ambayo hurudisha mng'ao wa jua katika mwanga wowote. Tazama sehemu isiyong'aa.

Jaribio la pili ni kali zaidi, na hapa kioo cha jamii ya kile ulichokifungua mwanzoni kinapata kazi. Weka kichujio chako cha urujuanimno, piga picha, kisha ongeza mbele yake kioo kinachozuia urujuanimno kwa nguvu. Vile vya bei ndogo vilivyoandikwa UV huwa vinazuia kidogo tu, kwa hiyo tafuta kimoja cha njano iliyopauka kinachokata mwanga wote ulio chini ya nanomita 400. Piga tena kwa mpangilio uleule. Picha ya pili inatakiwa kuwa giza tupu. Chochote kinachobaki humo si urujuanimno, ni uvujaji, na ndicho kiasi cha uongo kilichomo katika picha yako ya kwanza. Fanya hivi kwa kila lenzi, maana lenzi inayopitisha urujuanimno kidogo inakulazimisha kuongeza muda, na ukiongeza muda uvujaji nao unakua.

Tukishajua kwamba tunachopima ni urujuanimno wenyewe, kupima kunakuwa hesabu ya darasani. Unahitaji ubao wa kulengea. Nenda kwa muuza vifaa vya mabomba ununue ule utepe mweupe mwembamba ambao fundi huzungushia kwenye nyuzi za bomba lisivuje. Ni teflon, na ni mweupe katika urujuanimno kama ulivyo mweupe machoni. Vitu vyeupe vingi si hivyo: rangi nyeupe ya ukutani yenye titani inageuka nyeusi, na karatasi huwezi kuitabiri. Zungushia utepe huo tabaka kadhaa kwenye kipande cha mbao, kisha nusu yake paka mafuta ya kukinga jua yenye zinki. Sasa una nyeupe ya kweli na nyeusi ya kweli kwa gharama ya soda mbili.

Simamisha kamera kwenye miguu mitatu, ubao uwe juani, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Sisi wa karibu na ikweta tumependelewa: jua letu liko juu mwaka mzima, na aliye Nairobi au Lushoto ana nyongeza ya mwinuko, kwa kuwa urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 hivi kila unapopanda mita 1,000. Weka f/8 na ISO 400. Piga kwanza kwa mwanga wa kawaida, ukiwa na kichujio kinachoirudishia kamera yako macho ya kawaida, mpaka nyeupe ya utepe ifike karibu na ukingo wa histogramu bila kupasuka. Andika muda. Kisha weka kichujio cha urujuanimno na utafute muda unaoifikisha nyeupe hiyohiyo mahali palepale. Andika.

Chukulia ya kwanza imekuwa 1/1000 ya sekunde na ya pili sekunde 1. Muda umezidi mara 1,000 hivi, yaani kuzidisha kwa mbili mara 10, au stopu 10. Lenzi nyingine ikikutaka sekunde 4 pale ambapo mwanga wa kawaida bado ni 1/1000, hiyo ni stopu 12, na maana yake inapitisha robo ya urujuanimno unaopitishwa na ya kwanza. Usilinganishe picha za urujuanimno peke yake baina ya lenzi na lenzi. f/8 ya lenzi moja haiko sawa kabisa na f/8 ya nyingine, na kipimo cha mwanga wa kawaida ndicho kinachofuta tofauti hiyo. Usiwe mvivu hapo.

Na wingu? Wingu linaharibu kila kitu kimyakimya. Pima lenzi A, kisha B, kisha A tena. Kama A ya mwisho haifanani na A ya kwanza, yote uliyoandika katikati yafute.

Hizo stopu 10 bado hazikuambii lenzi inakula kiasi gani, kwa sababu ndani yake umo pia udhaifu wa sensa, ugumu wa kichujio na uchache wa urujuanimno katika jua lenyewe. Ili ujue, unahitaji lenzi isiyo na kioo kabisa, na hiyo unaitengeneza jikoni. Toboa katikati kifuniko cha plastiki cha mdomo wa kamera, bandika hapo karatasi ya alumini, itoboe kwa ncha ya sindano. Tundu hilo halizuii wimbi lolote. Litakuwa kama f/180 hivi, kwa hiyo pandisha ISO mpaka 6400. Pale lenzi ilipohitaji sekunde 1, tundu litataka kama sekunde 30, au pungufu kadiri lenzi inavyokula. Pima tofauti ileile kati ya mwanga wa kawaida na urujuanimno. Ukipata stopu 9 kwa tundu na 10 kwa lenzi, lenzi yako inakula stopu moja tu, na una bahati ya mtende. Ikila tatu, bado inafaa kwa maua. Ikila tano au sita, mrudishie mwenyewe. Picha ya tundu itakuwa na ukungu kama wa dirisha la bafu. Haidhuru, unasoma histogramu tu.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hii hailioni: lenzi inapitisha urujuanimno upi. Mbili zinaweza kulingana kwa stopu, moja ikipitisha mpaka nanomita 350 na nyingine ikikomea 380, mlangoni tu. Hapa rangi husaidia, ingawa ni rangi za uongo. Piga katika RAW, kisha kwenye programu weka mizani ya weupe kwa kugusa utepe wa teflon. Katika picha iliyosawazishwa hivyo, mawimbi yaliyo jirani na urujuani huelekea bluu, na yaliyo mafupi zaidi, kwenye 360 hivi, huelekea njano. Tafuta ua la alizeti. Kwa macho petali zake ni njano moja kutoka shina mpaka ncha, lakini katika urujuanimno ncha zinang'aa na mashina ni meusi, kama shabaha aliyochorewa nyuki. Ukubwa wa shabaha hutofautiana kati ya alizeti na alizeti. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba alizeti za porini kule Amerika Kaskazini zilikotoka zina weusi mpana zaidi penye ukame, na weusi huo unasaidia petali zisipoteze maji. Sisi tunaangalia ncha. Zikitoka njano, lenzi yako inafika mbali. Picha nzima ikiwa bluu na zambarau iliyofifia bila njano popote, lenzi inachungulia tu kizingitini.

Otofokasi sasa. Kamera za zamani zenye kioo cha kupinduka hupima fokasi kwa sensa ya pembeni inayotumia mwanga wa kawaida, na ukiziba lenzi kwa kioo cheusi sensa hiyo inakuwa kipofu. Hata ukifokasi kwanza ndipo uweke kichujio, mawimbi mafupi hupindwa zaidi na kioo, kwa hiyo picha ya urujuanimno inaangukia mahali pengine kidogo. Ndiyo maana D70 inasumbua. Kamera isiyo na kioo cha kupinduka hufokasi kwa sensa ileile inayopiga picha, kwa mwanga uleule, hivyo kosa hilo halipo. Linalobaki ni giza.

Pima hivi. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho wakati wa kufokasi, lenga mpaka wa nyeupe na nyeusi kwenye ubao wako, ivuruge fokasi kwa makusudi, kisha bonyeza. Rudia mara 10, mara nyingine ukianzia karibu, mara nyingine mbali, na kila picha ikuze uone kama imeshika. Usihesabu mlio wa kamera. Mlio unasema imeridhika yenyewe, haisemi imepatia. Lenzi inayopatia mara 8 au 9 unaweza kutoka nayo. Inayopatia mara 5 ni ya mkono tu, na ole wako ikiwa ni ya zile zenye pete ya umeme isiyo na alama za umbali, maana ukizima kamera fokasi uliyoitafuta kwa jasho imekwenda. Kisha piga kwenye f/4, f/8 na f/11 uangalie katikati ya picha, kwa kuwa lenzi nyingine hutoa doa jeupe hapo ukifunga tundu.

Neno la usalama, nalo si la kurukwa. Usichungulie jua kupitia kitundu cha kioo cha kamera ya zamani ukiwa na kichujio cheusi: jicho linaona giza, linajifungua, na infraredi na urujuanimno vinaingia bila wewe kuhisi. Tochi za nanomita 365 usizielekeze kwenye macho ya mtu. Taa za kuulia vijidudu, zile za nanomita 254, zisiguse kabisa shughuli hii. Na mtu mwenye ualbino usimsimamishe juani saa sita eti unapima mafuta. Kaa naye kwenye kivuli cha wazi, upande wa nyumba usio na jua, anga likiwa mbele yake. Kivuli kina urujuanimno mwingi uliotawanywa na anga, unatosha kwa picha, na picha ikitoka muulize kabla ya kumwonyesha mwingine, kwa sababu urujuanimno hutoa madoa ya ngozi ambayo mwenyewe hajawahi kuyaona.

Ndani ya vifuniko vya lenzi zangu sasa kuna vipande vya plasta vyenye namba tatu: stopu inazokula, rangi ya ncha za alizeti, na mara ngapi otofokasi imepatia kati ya 10. Iliyoshinda si ile niliyoitarajia. Ni ya milimita 30, niliyoazima nikainunua. Jumamosi moja nilimwita mpwa wangu kibarazani, nikapiga picha tatu kabla hajaanza kujigeuzageuza, nikampa kamera.

“Mjomba, mbona niko mweusi?”

“Ndiyo mafuta hayo. Umejipaka vizuri.”

Akaikuza picha mwenyewe, kidole kikitembea kutoka paji la uso hadi shavuni, mpaka kilipofika kwenye sikio la kushoto, jeupe lote. Hakusema kitu. Alikwenda ndani, nikasikia kifuniko cha kopo kikifunguliwa.